Gramu Sitini za Kituo Namba Kumi na Moja

Dada, lile kombe tunalirudisha. Lile lile la kwenye picha niliyowatumia ukoo mzima, binti yangu amelishika kwa mikono miwili na mimi nipo pembeni na kitambaa changu cha bluu kichwani, meno yote nje. Jina lake limeshafutwa ubaoni. Aliyefanya lifutwe si yeye, na hilo naomba ulishike tangu hapa mwanzo, mengine utayasoma taratibu.

Nisamehe, nimeanza kama mtu aliyekimbizwa na mbwa, hata hodi sikupiga. Shikamoo Dada. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia inasaidia au umempa shemeji ajipake mgongoni? Msalimie sana, mwambie bado namdai mkeka wangu. Watoto nao nawasalimia mmoja mmoja, mkubwa kwa mdogo. Mimi mwili mzima, nakula, natembea, ila moyo ndio unaochechemea.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilijaribu, Dada. Nilibonyeza namba yako mara tatu na mara zote nilikata kabla hujapokea. Nikisikia sauti yako nitalia, salio litaishia kwenye kilio na wewe hutakuwa umeelewa kitu. Kwenye karatasi nikilia nasimama, nafuta macho, naendelea.

Nianze na sifa, maana sifa ni zake na hakuna kamati inayoweza kuzifuta. Huyu mwanao, nasema mwanao kwa sababu wewe ndiye mama yake mkubwa, ndiye fundi wa vioo anayetafutwa kuliko wote hapa mjini. Wanaume watu wazima wanaleta vioo vya madirisha ya maduka, vioo virefu kuliko mlango, wanamwachia yeye avikate. Anaweka rula, anapitisha kile kisu chake mara moja tu, anagonga kidogo, kioo kinaachana kama mkate. Mkono hautetemeki. Huo mkono ameurithi kwangu, ingawa mimi nimeutumia kwenye ufagio.

Na kioo ndicho kilichomkutanisha na Kinyozi. Duka lake linatazamana na duka la vioo. Miaka sita iliyopita kioo chake kikubwa kilipasuka, mwanangu akamkatia kipya na kukifunga mwenyewe. Kinyozi akasema sasa wateja wanajiona wazuri kuliko walivyo, itabidi apandishe bei. Ndivyo alivyokuwa, mdomo haupumziki, mkasi haupumziki. Jumapili iliyofuata akamchukua mwanangu kwenda bwawani, lile bwawa la maji ya mji ambako mimi nafagia jengo la pampu, akamfundisha kuvua kwa ufito na ndoana kutoka ukingoni.

Usidhani ni uvuvi wa kitoweo. Hawa watu wana chama, wana ubao wenye majina ya mabingwa, na samaki wakishapimwa kwenye mizani wanarudishwa majini wakiwa hai. Nilipoelezwa mara ya kwanza niliuliza kama wote wana akili timamu. Mtu anakaa juani saa tano, anawavua, anawapima, kisha anawaaga. Lakini ukikaa pale ukatazama unanogewa. Kila mtu ana kituo chake chenye kibao cha namba, hatua kumi na tano toka kwa mwenzake, na kule majini kinaelea kile kinachoitwa chelezo, kidude chekundu kama pilipili, mtu mzima anakikodolea macho bila kupepesa. Unajikuta na wewe umekodoa.

Kinyozi alikuwa ameshika nafasi ya pili mara saba. Mara saba, Dada, na ya kwanza hajaionja. Pale ukingoni walikuwa wanamwita Wa Pili, naye anaitika. Alikuwa akisema yeye na nafasi ya pili wamefunga ndoa, talaka haipo. Ukutani kwake dukani ametundika vyeti vyote saba, mteja akiuliza anamwambia hivyo ni vya uvumilivu. Lakini mke wake, yule anayeuza nyanya sokoni, aliwahi kuniambia kwamba kila mwaka fainali ikiisha mumewe hukaa siku mbili hali vizuri. Na moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu mwaka juzi. Daktari alishamwambia apunguze ngazi na apunguze kuongea, naye akajibu kwamba ngazi ataziacha.

Wana kijitabu cha sheria chenye jalada la kijani. Mwanangu aliniletea nikisome ili nisimwaibishe nikienda kutazama, na mimi nilikisoma chote kwa sauti jikoni, yeye ananyoosha nguo. Mimi wa darasa la saba sikukwama popote ila kwenye neno moja, batilisha, akanieleza. Sheria zao ni kali. Hakuna mtu mwingine kugusa ufito wako, hata upepo ukiuangusha. Mtazamaji akae nyuma ya kamba na asimwelekeze mtu. Samaki awe ameuma chambo kwa mdomo wake mwenyewe; akinaswa kwa pezi au tumbo si wako, unamrudisha. Jirani yako wa kituo ndiye shahidi wako, anatazama samaki wako wakipimwa na anatia saini kwenye kadi yako. Na wiki ya mwisho kabla ya fainali maji yanapumzishwa. Bwawa linafungwa siku saba, hakuna kutupa ndoana, hakuna kutupa hata punje ya chakula, ili samaki wakae wanapotaka wao.

Mwaka jana mwanangu alikuwa wa tatu. Alirudi nyumbani, akaosha wavu wake, akauanika, akasema amechoka. Halafu nikasikia bafuni bomba limefunguliwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuoga. Yeye si mtu wa kulia. Nilisimama nje ya mlango na taulo mkononi, sikujua nigonge au nisigonge.

Mwaka huu akaongoza nusu fainali. Anayeongoza nusu fainali anapewa heshima ya kuchagua kituo, wengine wanaokota vikaratasi vya kura asubuhi ya fainali. Akachagua namba kumi na moja, karibu na matete. Aliniambia mezani, anacheka, akasema Kinyozi amemwita mwanafunzi mtoro asiyemheshimu mwalimu. Basi mimi mdomo wangu unaujua. Nilitangaza kazini, nilitangaza kwa majirani, nilimtangazia mpaka mtu wa kusoma mita. Mlinzi wetu wa lango la pampu akaniambia kombe la mdomo ameshaliona mara nyingi, anasubiri la bati. Nikamwambia atafute miwani mapema asije akasema hakuliona.

Siku ya fainali Kinyozi, kwa kura, akaangukia namba kumi. Jirani kabisa. Filimbi ikapigwa saa moja asubuhi na hapo hapo mwanangu akaanza kuvuta. Perege, perege, perege mwingine. Wenzake wanabadilisha chambo, wanakuna vichwa, yeye anavuta. Kinyozi naye akawa anavuta, taratibu lakini bila kukosea, na kila akimtia mmoja wavuni anamwuliza mwanangu kama ameshashiba au aendelee kumwonyesha. Mwanangu anamjibu kwamba vyeti vya pili bado vipo vingi, asiwe na hofu. Nyuma ya kamba tulikuwa tunacheka mpaka msimamizi akatunyamazisha.

Ilipofika kama saa nne ufito wa mwanangu ukapinda wote. Alipambana na huyo mnyama kwa muda nisioweza kuuhesabu, akamtoa. Kambare mkubwa, Dada, mweusi, masharubu kama ya afisa wa zamani. Nikajua kombe ni letu. Msimamizi alikuwa mbali upande wa kituo cha tatu, anatatua ugomvi wa mishipi miwili iliyosokotana. Mwanangu akapiga goti amtoe ndoana, akakaa hivyo hivyo ameinama. Kinyozi peke yake ndiye aliyekuwa karibu kiasi cha kuona. Akamtazama mara moja, kisha akageuza uso kabisa, akatazama chelezo chake, kama mtu anayempisha mwenzake avae nguo.

Mwanangu akainua mkono akamwita msimamizi. Ndoana ilikuwa imeingia kwenye pezi. Akamwonyesha, akamrudisha yule kambare majini, akamshikilia kidogo mpaka akapata nguvu, akamwachia. Watu walimpigia makofi. Mimi sikupiga. Mimi nilisikia hasira mpaka masikioni, nikasema moyoni huyu mtoto ni mjinga kwa baba na kwa mama.

Saa sita filimbi ikalia. Kinyozi alipimiwa kwanza, kilo sita na gramu mia moja na hamsini. Kisha mwanangu, kilo sita na gramu mia mbili na kumi. Tofauti gramu sitini, uzito wa yai moja la kuku. Kinyozi aliinama pale kwenye gunia lililoloweshwa ambapo samaki wa mwanangu walikuwa wamelazwa, akawatazama mmoja mmoja, bila mzaha hata mmoja. Akamwuliza mwanangu jambo kwa sauti ya chini, mwanangu akatikisa kichwa. Ndipo akatia saini. Mwenyekiti akatoa hotuba, akasema mwaka huu kombe limepata mtu, kwamba aliyerudisha samaki ambaye hakuna aliyemwona amewafundisha wote. Nikaanza kulia kwa majivuno. Ile picha ilipigwa dakika hiyo.

Siku kumi na moja baadaye Kinyozi alifariki. Alikuwa dukani kwake, asubuhi, anamnyoa dereva wa lori la mchanga. Alikuwa amemaliza upande wa kulia. Alisema ngoja nikae kidogo, akakaa kwenye kiti cha wateja wanaosubiri, na hakuinuka tena. Mwanangu ndiye aliyevuka barabara akikimbia, na ndiye aliyemfumba macho. Yule dereva alikuja mazikoni na kichwa chake vile vile, nusu kimenyolewa nusu kina nywele. Vinyozi wengine walimwita wammalizie bure, akakataa, akasema kichwa hiki kina mwenyewe. Hakuna aliyecheka, ingawa marehemu angecheka.

Mwanangu alisema maneno mawili matatu kwa niaba ya wavuvi. Alisema amefundishwa na huyu mtu kila kitu, na amemshinda mara moja tu, na hiyo mara moja marehemu mwenyewe ameitia saini, ndiyo sababu anaithamini. Nilikuwa nimesimama na akina mama. Nikaketi chini pale pale mchangani, wakanipepea wakidhani ni huzuni ya jirani mwema.

Watu walipoanza kutawanyika mke wake akanifuata. Mnyonge wa Mungu, sauti imekauka. Akanishika mikono akanishukuru. Akasema baada ya fainali mumewe hakulala siku mbili, si kwa kushindwa, kwa mashaka. Alitaka kupeleka malalamiko kwenye kamati, akaona atamharibia binti jina. Jumatatu ndipo akaja kwangu kazini, akapanda zile ngazi zote za jengo la pampu na moyo ule, na aliporudi nyumbani alikuwa na raha. Alimwambia mkewe kwamba Mama Fundi amemtoa wasiwasi, kwamba ameshindwa kihalali, na akala chakula chote. Mkewe akasema, ulimpa usingizi wa siku zake za mwisho, dada yangu, Mungu akulipe.

Sasa Dada, kaa chini kama umesimama.

Ni mimi. Siku saba maji yanapumzika, siku saba nililisha namba kumi na moja. Ufunguo wa lango ninao kwa sababu ya kazi, naingia saa kumi na mbili asubuhi kabla mtu yeyote hajafika. Nilichukua pumba za kuku wa jirani yangu na mikate iliyokauka ya kantini, nikaviloweka kwenye ndoo ya kudekia, na kila asubuhi kabla sijashika ufagio nilishuka pale kwenye matete nikamwaga. Siku ya tatu walikuwa wananijua. Nikishuka tu maji yanachemka. Nikawa nawasemesha kabisa, nikawaambia Jumamosi msiniangushe. Niliona fahari, Dada. Nilijiona mama anayejua kupigania mwanawe, wakati mama wengine wanakaa nyuma ya kamba na chupa ya maji.

Nilijiambia mimi si mshindani, mimi ni mfagiaji, na mfagiaji akimwaga ndoo nani atamwuliza. Kwako sitajidanganya. Kijitabu kinasema asitupe chakula mshindani wala mtu wa nyumbani kwake. Nilikisoma mwenyewe kwa sauti, jikoni kwangu, tena nikamwambia mwanangu hii sheria nzuri, inazuia wajanja.

Kinyozi aliona pumba. Samaki wa mwanangu walipolazwa kwenye gunia wawili walitema pumba, na yeye alijua mwanafunzi wake havui kwa pumba. Ndilo alilomwuliza pale kwenye mizani, na mwanangu akamjibu kweli yake, hajui lolote. Akamwamini, kwa sababu ya yule kambare. Jumatatu akaja kwangu. Alifika juu anahema, akaegemea ukuta, akaomba maji ya kunywa. Akanitania kwamba ngazi hizi zimejengwa na mtu anayewachukia vinyozi. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kwamba kwa kuwa mimi nafagia pale kila asubuhi, je, wiki ile nilimwona mtu yeyote akitupa kitu namba kumi na moja. Akasema hamshuku binti, labda ni watoto, labda ni mtu alitaka kumfanyia ubaya, lakini akijua atatulia.

Nilikuwa nimeshika ufagio. Nikamwambia sikumwona mtu. Akaniuliza tena, hata mara moja? Nikamwambia hata mara moja, na mimi nafika kabla ya ndege. Akacheka. Akasema basi gramu sitini ni gramu sitini, akanishukuru kwa maji, akashuka ngazi ameshika ukuta. Nilimsikia mpaka chini akimwambia mlinzi, maana ule utani wetu ulishafika mpaka dukani kwake, kwamba sasa atafute miwani, kombe la bati limefika.

Alinipa nafasi, Dada. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu kuniletea nafasi ya kusema, na kumbe alikuwa na siku tisa tu.

Siku ya pili baada ya mazishi nikamwambia mwanangu. Alikuwa anakula. Aliweka kijiko chini akaniuliza siku ngapi, nikamwambia saba. Akaniuliza ndoo ya ukubwa gani, nikamwonyesha. Akaniuliza pumba tupu au na mkate. Alikuwa ananiuliza kama anavyouliza vipimo vya dirisha. Mwisho akaniuliza kama kweli Kinyozi alinihoji na mimi nilimjibu nini, nikamwambia. Hakupaza sauti. Aliosha sahani yake, akaosha na yangu, akaingia chumbani kwake. Heri angenitukana. Tangu siku hiyo ananisalimia asubuhi, ananiambia maji yamechemka, ananiambia anachelewa kurudi. Basi. Zamani alikuwa akinisimulia mpaka kioo gani kimekatwa na mwenyewe alikuwa na pua ya namna gani.

Kesho yake alilifunga kombe kwa magazeti na kamba, kama anavyofunga vioo, tukaenda kwa mwenyekiti. Alitembea mbele yangu hatua kadhaa, sikuthubutu kumfikia. Nilisema yote mbele ya watu watano wa kamati. Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu, mtu mpole, alivua miwani akasema muda wa malalamiko umeshapita, mlalamikaji mwenyewe ni marehemu, binti hakujua, pengine jambo hili tuliache hapa hapa mezani. Nikamtazama mwanangu, na nakuungamia dhambi nyingine, nilitamani akubali. Akasema hapana. Akasema kitabu kinasema matokeo yabatilishwe, wayabatilishe, na Kinyozi aandikwe wa kwanza. Akaambiwa basi na yeye itabidi akae nje msimu mzima. Akasema ameisoma hiyo pia.

Mimi nimepigwa marufuku kukanyaga ukingo ule maisha yangu yote. Ufunguo nimerudisha, sasa nafagia ofisi za mjini, hakuna maji karibu. Mlinzi alipopokea ufunguo hakunitania, na hilo lilinichoma kuliko mengi.

Kwa mke wa Kinyozi nilikwenda peke yangu. Alikuwa anapanga nyanya, kubwa mbele ndogo nyuma. Nilimweleza nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, kumbe alikuwa wa kwanza. Akalisema tena, taratibu, kama anamwambia mtu mwingine. Kisha akafunika meza yake saa ile ile ya mchana, wateja wapo, akaketi nyuma ya meza na kunipa mgongo. Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, watu watadhani nimedondosha kitu.

Msamaha hajanipa, na sikumwomba mara ya pili. Baada ya siku nne akapeleka ujumbe kwa mwenyekiti. Kombe atalipokea, ila atalipokea pale pale ukingoni, mbele ya wavuvi wote, kutoka mkononi mwa mwanangu, na mimi niwepo kwa ruhusa ya siku hiyo moja nieleze kwa mdomo wangu nilichofanya na nilichomjibu mumewe. Na akaongeza neno moja. Akasema wale wote niliowatumia picha waje wasikie, maana mwanamke huyu alitangaza kwa ukoo mzima, atangaze tena kwa ukoo mzima.

Ana haki, Dada. Mdomo uliponza kichwa, sasa mdomo ubebe mzigo wake. Ndiyo sababu ya barua hii. Niliwaalika kuja kusherehekea, na najua mlishashona nguo. Njooni, lakini si kwa vigelegele. Wewe hasa nakuomba uje hata kama goti linagoma, nitakuwekea kiti. Sitaki unitetee. Sema tu na mwanao, mkalishe pembeni, mwambie lolote unaloona linafaa, maana kwangu masikio yake yamefungwa na wewe hajawahi kukukatalia. Siku hizi anapita mbele ya duka la Kinyozi kichwa chini, kama yeye ndiye aliyeiba. Hilo tu ndilo nisiloweza kulibeba.

Nimewaandikia na wengine, barua fupi fupi, hazina maelezo. Maelezo watayapata kwangu nikiwa nimesimama. Mpe shemeji salamu tena, mwambie mkeka asilete. Wabusu wajukuu, na usiwasomee hii barua mpaka wakue.

Tukutane Jumamosi, tarehe kumi na tisa ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, wote.

Ni mimi mdogo wako uliyenilea,
Mama Fundi